Mazoezi Yanafuata Maji

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Jana usiku tulitazama mechi kwenye baraza ya dukani, watu mpaka barabarani. Taifa Stars 0, Morocco 1. Robo fainali ya CHAN, kwa Mkapa. Watoto wamepata la kuchekea: Morocco kafungwa na Morocco. Kocha wetu Hemed Suleiman hilo ndilo jina lake la utani, na ile nchi imemwandama kama deni. Timu alikabidhiwa Januari 2024, katikati ya AFCON, baada ya CAF kumfungia Adel Amrouche kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco. Na Rabat ndiko Zanzibar ilikovuliwa uanachama wa CAF, Julai 2017, miezi minne tu tangu ipewe. Desemba hiyohiyo Hemed akaifikisha Zanzibar Heroes fainali ya Chalenji, Machakos, dhidi ya Kenya. Mbili kwa mbili. Halafu matuta. Ya matuta siyaandiki.

Leo hatukufanya mazoezi. Bamvua. Maji hupwa saa nne asubuhi, kina mama wako kwenye mwani na vijana wengine wako kazini. Ikifika alasiri bahari imekula mchanga wote. Uwanja wa juu ni maweni matupu, nikiwapeleka kule bila viatu ninarudi na majeruhi. Kwa hiyo wiki hii sina timu, nina wasikilizaji wa redio.

Jumapili, 31 Agosti

Maji yamekupwa alasiri. Tukachimbia fito zetu nne, tukacheza mpaka Magharibi.

Mzungu mmoja akasimama pembeni muda mrefu. Nilidhani Mtaliano, kumbe Mmarekani, mwalimu mstaafu kutoka Minnesota. Akaniuliza nimefundisha miaka mingapi. Nikamwambia 31, nilianza 1994, mwaka mmoja kabla Zanzibar haijatwaa Chalenji kule Uganda. Akasema kwao alikuwepo wa kunishinda.

Mpira wao wenyewe si huu, ni ule wa kukumbatia mkononi na kuangushana. Kocha akiitwa John Gagliardi, chuo cha Saint John's, chuo kidogo, katika daraja ambalo mchezaji halipiwi masomo kwa sababu ya mpira. Alikaa pale misimu 60, mpaka 2012. Ukijumlisha na chuo alichoanzia Montana, ameshinda mechi 489. Kilichonikaa kichwani ni kwamba mazoezini alikataza kuangushana, katika mchezo ambao ndio huo kuangushana! Filimbi hakutumia. Na wachezaji walimwita John, basi. Mimi jina langu wamelisahau hata wake wa majirani. Maalim, Maalim.

Usiku nimejaribu kuhesabu ushindi wangu. Kufika wa arobaini nikajigundua nachanganya na mechi za bonanza, nikaacha. Nikahesabu watu. Wapishi wawili. Dereva wa daladala ya 117. Walinzi wa hoteli, hao ni timu nzima na wa akiba. Mmoja yuko Muscat, kila Idi ananipigia simu kuuliza nani anacheza namba sita sasa. Mmoja alikufa maji. Aliyefika ligi kuu ni mmoja, akaumia goti. Nimefika 112 taa ikazimika.

Jumatano, 12 Novemba

Morocco si kocha wa Stars tena. Amewekwa Miguel Gamondi kwa muda. Novemba iliyopita tuliifunga Guinea, bao la Msuva, tukafuzu AFCON, na mwanamume huyu ndiye aliyekuwa benchi. Fainali zinachezwa wapi mwezi ujao? Morocco. Kwa hiyo Morocco haendi Morocco. Hili watoto hawakulichekea, au labda nimelisema mimi vibaya.

Mimi wa kuniondoa hayupo. Kamati yetu haina hata mhuri wa kuniandikia barua. Ninaondolewa wachezaji mmoja mmoja: golikipa wangu hoteli imempa zamu ya jioni, na nani atamwambia akatae mshahara akadakie timu ya Maalim? Nilimwambia mwenyewe aende. Kisha nikakasirika siku mbili.

Leo kaja mwingine, kijana mrefu, mikono kama makasia. Nikamuuliza wa nani. Alipotaja baba yake nikakumbuka: nilimtoa kipindi cha kwanza, 1999, tumefungwa matatu na yote yake. Mpaka leo tukikutana msikitini hunipa mkono akitazama pembeni.

"Baba anajua umekuja hapa?"

"Ndiye aliyenileta, Maalim. Yuko pale kwenye ngalawa."

Nikageuka. Amekaa kweli, kanipa mgongo, anatengeneza nyavu zisizotoboka.

Kesho maji yanakupwa baadaye kidogo. Nimemwambia mtoto aje saa kumi na moja, na aje na huyo fundi wa nyavu.