Mzigo Utauona Washington

Lupingu iko chini ya Milima ya Livingstone, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa. Ng'ambo ya maji ni Malawi. Mama mdogo amefinyanga vyungu hapo tangu usichana wake, kama wafanyavyo wanawake wengi wa Kikisi, na hakuwahi kugongewa muhuri wa Uhamiaji hadi mwaka 2023. Mwaka huo binti yake alijifungua huko Columbus, Ohio, na ukoo ukanipa mimi kazi ya kumfikisha.

Tulipanda kona za mlima hadi Ludewa mjini, tukashika barabara ya Njombe, jioni tukawa Makambako, pale njia ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Zambia. Tulilala hapo tuwahi basi la Dar es Salaam. Mgahawani nikapanga vikombe vitatu mezani.

"Hiki ni Addis Ababa. Tunabadilisha ndege tu, Ethiopia hatuingii. Hiki ni Washington, ndiko tunakoingilia Marekani. Cha tatu ni Columbus, kwa mwanao."

Akavitazama kwa muda. "Sasa mwanangu, begi langu nitaliona wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo wasafiri wengi hawaulizi, nalo ndilo linalowakosesha ndege. Ukienda Marekani, unakaguliwa na Uhamiaji kwenye kiwanja cha kwanza unachotua, hata kama safari yako inaishia mji mwingine. Hapohapo unachukua mizigo yako, unapita forodha, kisha unaikabidhi upya. Nchi za Schengen, kule Ulaya, nazo hukagua mlangoni: anayekwenda Stockholm kupitia Amsterdam hukaguliwa Amsterdam, ila begi lake kwa kawaida huendelea lenyewe hadi mwisho wa tiketi. Kwa sababu ya ukaguzi huo wa Marekani, nilimkatalia wakala aliyetaka kutuuzia tiketi ya bei nafuu yenye saa moja tu ya kuunganisha ndege Washington. Nilikataa pia tiketi mbili zisizounganishwa, kwa sababu tiketi za namna hiyo zinaweza kukulazimisha kutoka nje kufuata mzigo katikati ya safari, na kutoka nje maana yake ni kuingia nchi ya watu, pengine bila viza.

Dar es Salaam, Jengo la Tatu la abiria, begi lilipachikwa lebo ya Columbus na ofisa wa Uhamiaji akagonga muhuri wa kutoka. Bole, uwanja wa ndege wa Addis Ababa, tulifuata vibao vya wanaounganisha ndege, tukapita ukaguzi wa usalama. Muhuri hakuna. Kwenye lango la ndege ya Marekani pasipoti na viza zilikaguliwa tena, mifuko ya mkononi ikapekuliwa. Mkaguzi alifungua kitenge, akakuta chungu kidogo chekundu. Akapitisha kidole ndani, akazungusha ukingoni, akakirudisha kwa mikono miwili.

Washington, uwanja wa Dulles, foleni ilikuwa ndefu. Niliomba kusimama na mama mdogo nimtafsirie, ofisa akakubali. Alichukua alama za vidole na picha, akauliza: unakwenda kwa nani, utakaa muda gani, utarudi lini? Mama mdogo alijibu kila swali akimtazama usoni, na barua ya binti yake ikiwa mkononi. Hapo ndipo siku za kukaa zinapoamuliwa. Viza inakufikisha mlangoni. Anayekufungulia ni ofisa, na tarehe anayoiandika ndiyo ya kufuata, hata kama viza bado ina miezi.

Tukaenda kwenye mkanda wa mizigo. Begi lenye lebo ya Columbus lilikuwa linazunguka palepale Washington. Tulikuwa tumetaja usipa wakavu tuliobeba. Ofisa wa forodha akafungua mfuko, akawatazama wale samaki wadogo wa ziwani, akaturuhusu. Samaki wakavu wa kula nyumbani hawana shida. Nyama ingechukuliwa, na kuficha chakula kuna faini. Hatua chache mbele tulikabidhi begi upya, tukapita tena ukaguzi wa usalama, tukafika kwenye lango la Columbus tukiwa na muda wa kunywa maji.

Alipofika aliwaeleza wenyeji wake hatua zote kwa mpangilio, bila kukosea, mwanamke ambaye hakuwahi kupanda ndege kabla ya safari hiyo. Hakuna kilichomshinda kuelewa, kwa sababu alielezwa mapema na kwa lugha yake. Hilo nalidai kwa niaba ya kila Mtanzania anayenunua tiketi ya kuunganisha: muuza tiketi amwambie, kabla ya kupokea pesa, ataingilia nchi gani, atahitaji viza gani za njiani, na mzigo wake atauchukulia wapi. Na asipoambiwa, aulize kama alivyouliza mama mdogo, wala asilipe hata shilingi kabla hajajibiwa.