Viwanja Vitatu na Mchanga wa Zinga

Likizo ya mwezi wa Julai naliitumia Zinga, kijiji kilicho kusini ya mji wa Bagamoyo, nyumbani kwa baba yangu. Nalichukua vitabu ambavyo sikuvisoma, na mkoba wa fimbo za gofu ambao haukupata nafasi ya kupumzika. Zinga hapana kiwanja cha gofu. Pana minazi, mikoko na bahari. Mwenye uchu wa mchezo huo hana budi kusafiri, nami nalisafiri.

Mchezo huu una jambo moja la ajabu. Mwaka 1891 wakubwa wake wa St Andrews, huko Uskochi, waliamua ya kuwa kila shimo liwe na upana wa inchi nne na robo, yaani milimita 108, na kipimo hicho hakijabadilika. Mpira nao una kipimo chake, na fimbo hazipasi kuzidi 14. Lakini ardhi iliyo baina ya mchezaji na shimo haikupewa kipimo. Kiwanja cha tenisi cha Wimbledon na cha Dar es Salaam huwa na marefu yale yale na mapana yale yale; viwanja viwili vya gofu havifanani hata vikiwa majirani. Kwa hiyo ahamaye kiwanja hurudi kuwa mwanafunzi, hali ambayo sisi walimu huisifu sana kwa watu wengine.

Nalianza Gymkhana, Dar es Salaam. Mji umekizunguka kiwanja kile, na bahari haiko mbali. Kusi ilikuwa ikivuma kwa nguvu, na mipira yangu iliyopaa juu ilipotezwa na upepo mmoja mmoja. Siku ile nalijifunza kupiga chini chini. Zaidi ya hilo sina la kusimulia.

Kiwanja cha pili kilikuwa Lugalo, mali ya Jeshi la Wananchi, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Jina lake ni la mahali katika nchi ya Uhehe ambapo watu wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani la Zelewski, tarehe 17 Agosti 1891, mwaka ule ule shimo la gofu lilipopewa kipimo. Huko nalikwenda na baba. Alisema atatembea nasi mashimo machache, anyooshe miguu.

Katika shimo la tatu mpira wangu ulikuwa hatua sita kutoka shimoni. Naliinama, nikatazama, nikaona mteremko wa kushoto. Baba, aliyesimama nyuma yangu, alisema taratibu, "Kulia, mwanangu." Sikumsikiliza, na mpira ukaenda kulia. Mwenzangu tuliyecheza naye alicheka, akauliza, "Mzee, shikamoo tena! Umejifunza wapi haya?" Kabla baba hajafungua kinywa nalijibu mimi: "Alikuwa na marafiki waliocheza zamani." Baba aliutazama mpira, asiseme neno. Baada ya shimo la nne alisema miguu imechoka, akaketi chini ya mti.

Hakuwa na marafiki waliocheza. Alikuwa mpagazi. Kabla ya uhuru wa mwaka 1961, alipokuwa mtoto wa miaka kumi, alichukua mikoba ya wachezaji katika kiwanja kimoja cha pwani ambako mtu mweusi aliingia akiwa na mzigo begani au fyekeo mkononi. Zamani zile sehemu zenye mashimo, katika viwanja vingi vya Afrika Mashariki, zilikuwa za mchanga uliotiwa mafuta, si za nyasi, na kazi yake nyingine ilikuwa kuusawazisha kila wachezaji walipopita. Aliujua mteremko kwa nyayo zake. Senti zile zilimlipia ada ya shule, na shule yake ndiyo iliyozaa yangu.

Nami huwafundisha wanafunzi habari za wapagazi waliotoka Tabora na Ujiji wakaja kutua mizigo Bagamoyo, mji ambao wengi husema jina lake ni la kubwaga moyo. Huwasifu kwa sauti kubwa darasani. Mpagazi wa nyumbani kwangu nalimficha kwa sababu ya mtu mmoja mwenye fimbo nzuri.

Juma lililofuata nalivuka kwenda Unguja, kwenye kiwanja cha mashimo tisa kilicho upande wa magharibi, juu ya bahari. Ni mahali pazuri mno, nami nalicheza vibaya mno.

Niliporudi Zinga maji yalikuwa yamekupwa na mchanga umekuwa mgumu. Nalimpa baba fimbo. Alichimba shimo kwa kisigino, akavua viatu, akatembea polepole kutoka mpirani mpaka shimoni na kurudi. Hapo ndipo nilipomwambia ya Lugalo.

"Nalisikia," alisema. "Rafiki yako aliuliza swali zuri."

Kisha alipiga. Mpira ulipinda mahali nisipoona kitu, ukasimama kidole kimoja mbele ya shimo. "Kule pamelowa zaidi," akasema, akiona haya kidogo kwa kukosa. Tulicheza mpaka maji yakaingia shimoni.

Usiku nalimpigia simu mwenzangu, nikamjibu swali lake upya. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mzee angekubali kuja tena Jumamosi. Nalimpelekea baba ujumbe ule barazani. Alisema atafikiri.