Lancaster, ambako viraka huvuka bahari

Kiraka katika lugha yetu si neno la sifa. Mtoto huchekwa shuleni kwa sababu ya kaptura yenye kiraka, na wakuu wa mji hulaumiwa kila msimu wa mvua kwa kuziba mashimo ya barabara kwa viraka. Lakini iko sehemu moja ya Marekani ambako viraka huokotwa, hukatwa, hupangwa na kushonwa kwa heshima kubwa, kisha hutiwa melini na kupelekwa kuwafunika watu waliopoteza nyumba zao. Sehemu hiyo ni kaunti ya Lancaster katika jimbo la Pennsylvania.

Kutoka mji wa Philadelphia, garimoshi huchukua muda unaozidi saa moja kidogo tu kufika Lancaster. Majengo marefu huachwa nyuma, na badala yake hutokea mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa, na maghala makubwa ya mbao. Mtu wa Kitale au Limuru angejiona yuko nyumbani, isipokuwa jambo moja lingemshangaza. Barabarani, kando ya magari ya kisasa, hupita vigari vya rangi ya kijivu vinavyovutwa na farasi. Ndani yake mna wanaume wenye ndevu na kofia pana, na wanawake waliovaa nguo ndefu zisizo na madoadoa.

Hao ni Waamishi, ambao hawamiliki magari wala hawaunganishi nyumba zao na nyaya za umeme. Majirani na ndugu zao wa imani ni Wamenoni. Wengi wa Wamenoni huendesha magari, hufanya kazi maofisini na huvaa kama watu wengine wa Marekani. Makundi haya mawili yalitokana na mzizi mmoja, na mzizi wenyewe ni wa machozi.

Watu wenye asili ya ukimbizi

Mwaka wa 1525, katika mji wa Zurich nchini Uswisi, kikundi kidogo cha Wakristo kilikata shauri kwamba ubatizo ni wa watu wazima walioamua wenyewe, na kwamba Mkristo hapaswi kushika silaha. Kwa wakuu wa siku hizo, mambo hayo yalikuwa uasi. Wengine walizamishwa mtoni, wengine walichomwa moto, na waliosalia wakawa watu wa kuhama nchi hadi nchi. Kikundi cha kwanza cha Wamenoni kilifika Lancaster mwaka wa 1710 kutafuta ardhi na amani.

Msomaji asidhani watu hawa ni wageni kabisa kwetu. Mwaka wa 1934, wamishonari wa Kimenoni kutoka Lancaster walifika Shirati, kando ya Ziwa Victoria nchini Tanganyika, na kutoka huko kanisa lao likavuka mpaka na kuingia Nyanza Kusini. Hadi leo, ukienda Migori utawakuta Wamenoni Wajaluo ambao babu zao walibatizwa siku hizo.

Watu waliowahi kukimbia hujua baridi ya njiani. Pengine ndiyo sababu kazi ya kushona mablanketi ya wakimbizi imeshika mizizi hapa kuliko mahali pengi.

Blanketi hili ni la namna gani?

Ni muhimu kwanza kutofautisha vitu viwili. Kuna blanketi la viraka la fahari, ambalo akina mama hulishona kwa mkono, mshono mdogo baada ya mshono mdogo, kwa wiki nyingi au hata miezi. Hilo ndilo lililoifanya Lancaster ijulikane duniani. Mwaka wa 1971, jumba la sanaa la Whitney mjini New York lilitundika ukutani mablanketi ya viraka kutoka sehemu mbalimbali za Marekani kana kwamba ni picha za wachoraji mashuhuri. Tangu hapo, watalii na wakusanyaji wa sanaa hufika kwa mabasi kuyatafuta, na bei yake si ya kila mfuko.

Halafu kuna ndugu yake mnyenyekevu, ambalo jina lake la Kiingereza lina maana ya mfariji. Hili halishonwi kwa urembo. Lina tabaka tatu: juu viraka vya mraba vilivyounganishwa kwa cherehani, katikati pamba au blanketi kuukuu, na chini kitambaa kimoja kipana. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mafundo ya uzi mnene. Ukubwa wake ni karibu sentimita 150 kwa 200, na ni zito la kutosha kumfunika mtu mzima usiku wa baridi. Wazee wa pwani yetu wana neno mfarishi kwa kitu cha jamii hiyo. Mfarishi na mfariji: maneno hayo yanakaribiana kweli.

Fundo moja, halafu jingine

Shirika linaloongoza kazi hii ni Mennonite Central Committee, maarufu kama MCC, ambalo makao yake yako katika mji mdogo wa Akron, ndani ya kaunti hii ya Lancaster. Karibu na hapo, mjini Ephrata, kuna ghala lake kubwa, na humo ndimo mgeni anapoweza kuona jinsi kazi inavyoendeshwa.

Hakuna anayelipwa mshahara kwa kushona. Wengi wa wanaofika ni wastaafu: waliokuwa walimu, wauguzi, wakulima na madereva. Kuna wajane ambao nyumba zao zimekuwa kimya mno. Siku nyingine huja darasa zima la watoto wa shule, au vijana wa kanisa. Kila mtu hupewa kazi anayoiweza. Mwenye macho makali hukata vitambaa, na mwenye mkono mwepesi hukaa kwenye cherehani. Mtoto huachiwa kupanga viraka mezani, chekundu kando ya samawati, cha maua kando ya kisicho na maua, mpaka aridhike. Hata yule ambaye hajawahi kushika sindano maishani hufundishwa kufunga fundo kwa dakika chache.

Blanketi huwambwa kwenye fremu ya mbao nne, na watu hukaa kulizunguka kama familia iliyozunguka sinia ya pilau. Sindano yenye uzi mnene huzamishwa ikapenya tabaka zote tatu, ikaibuka kando kidogo tu ya ilipoingia. Uzi hufungwa mara mbili ukakazwa, kisha hukatwa na kuachwa na mkia mfupi. Halafu mkono husogea upana wa kiganja na kuanza tena. Pande zikijaa, mbao huviringishwa ili sehemu ya katikati ifikike, na watu husogeza viti vyao karibu zaidi. Mwishowe kingo hukunjwa na kupitishwa kwenye cherehani.

Wakati mikono inafanya kazi, midomo hailali. Habari za wajukuu, bei ya maziwa, nani kalazwa hospitalini na nani kafiwa, yote hupita juu ya blanketi hilo. Mtu akikaa hapo saa mbili ataelewa kwamba faraja huanza kabla blanketi halijaondoka Ephrata. Mjane aliyeingia asubuhi bila wa kuzungumza naye huondoka adhuhuri akiwa amecheka na amealikwa kurudi wiki ijayo.

Washonaji huombwa kuepuka vitambaa vyenye bendera au picha za kijeshi. Sababu ni rahisi kuielewa. Mtu aliyekimbia askari hataki kulala chini ya picha ya askari, na mwenye kupewa blanketi asidhani anadaiwa utii kwa nchi ya aliyempa.

Kutoka Ukraine na kurudi Ukraine

MCC iliundwa mwaka wa 1920 wakati habari zilipofika Amerika kwamba Wamenoni na majirani zao kusini mwa Urusi, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, walikuwa wakifa kwa njaa na vita. Mmoja wa vijana wa kwanza kutumwa alikuwa Clayton Kratz, mwanafunzi wa chuo mwenye asili ya Pennsylvania. Alikamatwa huko mwaka huo huo na hakuonekana tena. Hata hivyo, kazi haikukoma. Kufikia 1922 majiko ya shirika hilo yalikuwa yakilisha maelfu ya watu kila siku.

Blanketi moja laweza kusafiri sana. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, An Keuning-Tichelaar, mke wa mchungaji wa Kimenoni katika kijiji cha Irnsum nchini Uholanzi, aliwaficha nyumbani kwake watu waliosakwa na Wanazi. Vita vilipokwisha, alisaidia kuwapokea wakimbizi wa Kimenoni waliotoroka Ukraine. Waliwasili bila kitu, wakafunikwa kwa mablanketi ya viraka yaliyotumwa na akina mama wa Amerika ya Kaskazini ambao hawakuwahi kuonana nao.

Mama An aliyatunza mablanketi hayo kwa miongo mingi. Baadaye yalionekana na Lynn Kaplanian-Buller, Mmarekani mwuza vitabu mjini Amsterdam, ambaye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Kimenoni. Wanawake hao wawili walishirikiana kuandika kisa hicho, na mwaka wa 2005 kikatoka kitabu. Mablanketi yenyewe yakarudi Amerika kwa maonyesho, na watu wakapata kuona mahali yalipofika mafundo ya mama na nyanya zao.

Tarehe 18 Januari 2020, MCC ilipotimiza miaka 100, wafadhili wake waliitwa kushona mablanketi 6,500 kwa siku moja. Watu walikutana katika kumbi za makanisa na shule, Marekani na Kanada, katikati ya majira ya baridi. Miaka miwili baadaye, Februari 2022, vita vikubwa vikazuka Ukraine, na mablanketi ya viraka yakaanza safari kuelekea nchi ile ile ambako habari hii ilianzia. Mengine yameelekea Jordan na Syria. Jangwani mchana ni moto, lakini usiku wa Januari ndani ya hema ni jambo lingine kabisa.

Pesa au blanketi?

Mkenya anayesoma haya ana haki ya kuuliza swali gumu. Sisi tunajua vitu vya bure au vya bei ya chini kutoka ng'ambo vinaweza kuleta madhara. Mitumba iliwavika wengi, lakini ilichangia kudhoofisha viwanda vyetu vya nguo, na miaka ya 1990 Kicomi cha Kisumu kikafunga milango. Je, si afadhali pesa za kusafirisha marobota zitumwe, mablanketi yanunuliwe huko huko na mfanyabiashara wa huko apate riziki?

Hoja hii ina uzito, na mashirika mengi ya misaada sasa hutoa pesa taslimu pale ambapo maduka yako wazi na yana bidhaa. Lakini si kila mahali pana duka. Mji uliopigwa mabomu hauna soko, na mahali ambapo watu laki wameingia kwa mwezi mmoja, blanketi hupanda bei au hukosekana kabisa. Tena mablanketi haya hayaendi kuuzwa sokoni kama mitumba. Hufungwa marobota, hupakiwa kwenye makontena na kugawiwa wenye shida. Jibu la busara, basi, si pesa peke yake wala blanketi peke yake. Ni kumwuliza kwanza mwenye shida anachohitaji.

Kuna jambo moja ambalo pesa haiwezi kufanya. Mtoto wa shule hana pesa za kutoa, na mzee wa miaka 85 anayeishi kwa malipo ya uzeeni hawezi kuongeza mchango wake. Lakini wote wawili wanaweza kufunga fundo.

Ukipata nafasi ya kufika

Mwanafunzi au familia itakayopata nafasi ya kutembelea Lancaster isikose soko la Central Market, ambalo limekuwa likiuza vyakula tangu 1730. Hufunguliwa Jumanne, Ijumaa na Jumamosi. Onja pai ya molasi. Majira ya machipuko, vikosi vya zimamoto vya vijijini hufanya minada mashambani, na humo mablanketi ya viraka hupigwa bei ili kununua vifaa vya kuzimia moto. Jumapili usitarajie duka la Mwamishi kuwa wazi. Na kamera yako iache mfukoni unapokutana nao, kwa maana kumpiga Mwamishi picha ya uso ni kumkosea adabu.

Lakini si lazima mtu apande ndege ili kujifunza somo hili. Mafundi wa nguo wa Kariokor na Gikomba hufagia vipande vya vitambaa kila jioni na kuvitupa. Vyama vyetu vya akina mama vinajua kukutana kila mwezi, na harambee hatukufundishwa na mtu. Mwaka wa 2024, mafuriko yalipowatoa watu Mathare na Mai Mahiu, wengi walilala kwenye sakafu za shule katika miezi ya mvua na baridi. Watoto wakifunga shule Agosti, gunia moja la vipande, cherehani ya jirani na meza ya sebuleni vinatosha kuanza. Na kabla mvua nyingine haijanyesha, blanketi moja litakuwa tayari.