Barua kutoka Bremen: Zinadondoka, Mjomba

Shikamoo mjomba.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na maswali yako si ya kujibiwa kwa neno moja la WhatsApp. Unauliza zile taa zilizopita juu ya Endabash, huko Karatu, baada ya magharibi, zimejipanga mstari kama ng'ombe wanaoshuka kunywa maji, ni kitu gani, na kwa nini hazidondoki. Halafu unauliza ufanyeje na mjukuu wako wa darasa la sita anayelala na simu mkononi akicheza gemu. Umeyauliza kama mambo mawili. Kwangu mimi ni jambo moja, na kwa kuwa hakuna ninachopenda kukizungumzia kuliko hicho, nivumilie barua ikiwa ndefu.

Taa zile ni setilaiti za Starlink, mali ya kampuni ya SpaceX ya Marekani. Roketi moja huzibeba kwa makumi na kuziachia mahali pamoja, ndiyo maana siku za mwanzo huongozana. Kwenu jua limeshazama upande wa Ziwa Eyasi, lakini huko juu bado linazimulika. Kwa hiyo huonekana jioni na alfajiri. Baada ya wiki kadhaa hupanda juu zaidi, zikatawanyika, na macho matupu yakazipata kwa shida. Kazi yake ni kuleta intaneti mahali pasipo na mnara wala waya. Kwa jirani zetu Kenya huduma hiyo ilianza Julai 2023.

Sasa kudondoka. Zinadondoka, mjomba. Zinadondoka saa zote, mchana na usiku. Simama ukingoni mwa Bonde la Ufa, kule juu ya Ziwa Manyara, urushe jiwe: litakwenda mbele huku likishuka. Lirushe kwa nguvu zaidi, litatua mbali zaidi. Sasa fikiria jiwe hilo liko juu ya hewa, hakuna kinachoikwaza safari yake, na linakwenda zaidi ya kilomita saba kwa kila sekunde. Kila linaposhuka kidogo, dunia nayo imejipinda kidogo chini yake, na ardhi haifikiwi kamwe. Setilaiti ndiyo hiyo. Inaanguka kuizunguka dunia.

Jambo hili nililisoma sekondari nikalifaulu, lakini nimelielewa hapa Bremen. Tramu namba 6 ina mwisho mmoja chuo kikuu na mwisho mwingine uwanja wa ndege. Upande wa chuo kuna mnara mweupe mwembamba wa mita 146, umekuwepo tangu 1990, na kazi yake yote ni kuangusha vitu. Ndani mna bomba refu linalonyonywa hewa kwa muda wa saa moja na zaidi, kisha chombo chenye vifaa vya majaribio kinaachiwa kutoka juu mita 110. Safari inamalizika kabla hujahesabu sekunde tano. Chini kinapokewa na pipa kubwa la vidonge vya povu jeupe, lenye kina cha mita kadhaa, kisivunjike. Ndani ya zile sekunde kila kilichomo hakina uzito, sawasawa na ndani ya chombo cha angani, kwa sababu vyote vinaanguka kwa pamoja.

Siku waliyofungua milango kwa wageni nilitazama filamu ya mwali wa moto ukianguka. Moto tunaoujua sisi una ncha, unakwenda juu, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi na hupanda. Kinapoachiwa chombo, juu na chini vinapotea. Mwali unafupika, unajikusanya, unageuka mpira mdogo wa buluu uliofifia, umetulia pale ulipo. Niliirudia filamu ile hadi mhudumu akaja kuniuliza kama nina swali. Nilikuwa nayo mengi.

Upande wa pili wa tramu, karibu na uwanja wa ndege, Airbus wanaunganisha sehemu ya nyuma ya chombo cha Orion, ile inayobeba injini, umeme, maji na hewa ya wanaanga. Ya kwanza iliruka kuzunguka Mwezi Novemba 2022, katika safari ya Artemis I isiyo na watu. Watu wa hapa huipita karakana hiyo wakienda likizo na hawageuzi shingo. Mimi hugeuza kila mara.

Lakini nisikupe picha kwamba anga ni ya huku na sisi ni wa kusimuliwa. Bremen iko mbali kaskazini, na dunia inapojizungusha, ardhi ya hapa inakwenda mashariki kwa kama kilomita 1,000 kwa saa. Endabash iko karibu na Ikweta. Ukiwa umekaa kibarazani kwako unakwenda zaidi ya kilomita 1,660 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka kwetu inaanza safari na mwendo huo mfukoni, bure, bila kuchoma mafuta. Mtaliano Luigi Broglio alilijua hilo, akaleta majukwaa yake ya kurushia roketi hadi baharini karibu na Malindi. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka pale, zikibebwa na roketi za Kimarekani ziitwazo Scout.

Mojawapo ilirushwa Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, na Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeisimamia, akaipa jina la Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuitazama mbingu kwa eksirei. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika kama kumi na mbili, ikipekua anga kipande kwa kipande, na ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja kati ya vilivyochunguzwa nayo, Cygnus X-1, ndicho kilichowapa wanasayansi sababu nzito ya kwanza ya kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kazi hiyo, alipata Nobeli mwaka 2002. Nimekutana na watu wengi huku wanaozijua setilaiti za siku hizi kwa majina yote, na jina hili la kwetu hawajawahi kulisikia. Uchungu zaidi ni kwamba na wa kwetu hawalijui. Sijawahi kulikuta kwenye daftari langu lolote la shule.

Na kabla ya Malindi palikuwa na Tunguu, Unguja. Wamarekani walikuwa na kituo pale cha kufuatilia vyombo vyao vya kwanza vyenye watu. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 20, 1962, alizungumza na Zanzibar kwa redio, na daktari wa kituo akafuatilia hali yake wakati Glenn akifanya mazoezi kwa kuvuta kamba ya mpira. Kituo kilifungwa 1964 baada ya Mapinduzi.

Na kama nyuma ya swali lako kuna hofu ya chuma kutuangukia, nayo ina msingi, sitaibeza. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita mbili na nusu na uzito wa kilo kama 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likasema uchunguzi wa awali unaonyesha ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Vingi huungua njiani kabla havijatufikia, lakini msimamo wangu ni kwamba anayerusha awajibike mpaka kipande cha mwisho, hata kikitua kwenye shamba la mbaazi la mtu asiyejua roketi ni nini.

Sasa kijana. Usimnyang'anye simu, nakuomba. Tazama kwanza anacheza nini. Gemu nyingi za bure zimetengenezwa zimle bando na muda wake: anabonyeza, anapewa sarafu za uongo, linakuja tangazo, anabonyeza tena. Hizo sizitetei. Lakini zipo gemu zinazomfungulia mtu mlango, na ninayoipenda kuliko zote inaitwa Kerbal Space Program. Ilitengenezwa Mexico, ndani ya kampuni iliyokuwa ikifanya kazi za matangazo, na toleo lake kamili likatoka 2015. Unajenga roketi yako mwenyewe, tangi kwa tangi, unairusha, na mahesabu yanayoiendesha ni ya kweli kiasi kwamba roketi mbovu inaanguka kwa sababu ya kweli.

Acha nikuonyeshe mahali pamoja. Una chombo chako angani na mwenzako yuko mbele yako kwenye njia ileile, unataka kumfikia. Kila anayeanza hugeuza pua mbele na kukanyaga mafuta. Chombo kinapanda juu, mzunguko wake unarefuka, na yule wa mbele anazidi kukuacha. Inakubidi ufanye kinyume: geuka, choma injini ukielekea nyuma, upunguze mwendo. Unazama chini kidogo, na huko chini njia ni fupi na mwendo ni mkali zaidi, kwa hiyo unampita kwa chini. Ukishamkaribia unapanda tena mlingane. Mtoto akiligundua hilo kwa mikono yake, bila mwalimu, bila fimbo, hatalisahau hadi uzeeni. Gemu hii haihitaji intaneti ikishawekwa. Inahitaji kompyuta tu, na hilo nitaligusia.

Wewe ni mchezaji bao, mjomba, kwa hiyo sina haja ya kukushawishi kwamba mchezo ni kazi ya akili. Mashimo 32, kete 64, na mtu anaona mbele mizunguko ambayo mgeni haioni hata ikishachezwa. Na wa kwetu wanaotengeneza na kushindana wapo. Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza Adventures of Nyangi, gemu ya msichana wa Kiafrika anayesaka vitu vya kale, tangu 2007. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alianza na gemu ya Tekken jijini Nairobi, akasajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018. Simwambii mjukuu wako awe wao. Nataka ajue kwamba upande ule wa kioo, anakotengenezwa yule adui anayempiga, nako kuna watu kama yeye.

Kuhusu simu mpya uliyotaka nikutumie: sitatuma ile inayokunjika. Ni nzuri kuitazama, ila ikiharibika kioo hakuna fundi wa Karatu atakayeigusa. Kipimo changu cha kifaa chochote ni kimoja, kinafunguka au hakifunguki? Ulaya sheria imeanza kwenda upande huo. Tangu Juni 2025 simu mpya zinazouzwa huku lazima vipuri vyake muhimu vipatikane miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na mwaka 2027 inaanza kanuni ya betri ambayo mwenye simu anaweza kuibadili mwenyewe. Waholanzi wa Fairphone walitangulia siku nyingi. Fairphone 2, ya mwaka 2015, ilikuwa ya kufunguliwa na mwenyewe nyumbani. Prosesa yake ilikuwa Snapdragon 801. Prosesa ya familia hiyohiyo ndiyo iliyoendesha Ingenuity, helikopta ndogo iliyopelekwa Mirihi. Walitarajia iruke mara tano. Kati ya Aprili 2021 na Januari 2024 iliruka mara 72. Kwa hiyo mtu asiwaambie vijana wa Endabash kwamba simu ya zamani ni takataka. Na ukiniuliza kama binadamu aharakishe kwenda kuishi Mirihi, nasema hapana, tuendelee kutuma vifaa kama hivyo kwanza. Vinajifunza mengi, na hakuna mama anayelia vikikwama kwenye mchanga.

Jambo moja zaidi, la chini ya miguu yenu. Roketi nyingi zinatumia gesi ya heliamu kusukuma mafuta kutoka kwenye matangi, na mashine za MRI hospitalini hupozwa kwa heliamu. Gesi hiyo huzaliwa ndani ya miamba ya kale sana, pale urani na thoriamu zinapooza taratibu kwa mamilioni ya miaka, na joto la Bonde la Ufa linaifungua itoke. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza akiba kubwa Rukwa. Kampuni ya Helium One, iliyokuwa nao, ilishika leseni za utafutaji Rukwa, Balangida, na Eyasi. Eyasi hii hapa, mjomba, wilayani kwetu, vitunguu vya Mang'ola vinakolimwa. Ningependa watoto wa Karatu wajue heliamu ni nini kabla hawajaona gari la watafiti limeegeshwa mtoni.

Desemba kuna mtu wa Arusha anakuja likizo. Nimempa mzigo: laptopu iliyotumika, ile gemu ikiwa ndani tayari, seti ya bisibisi ndogo za simu, na darubini ya macho mawili, ya kukuza mara kumi. Laptopu na bisibisi ni za kijana. Darubini ni yenu wote wawili. Huku mawingu hayaniachi, na mwezi Juni usiku wenyewe hauwi mweusi. Ninyi mna giza la kweli, na Msalaba wa Kusini ambao mimi siuoni kabisa nikiwa hapa.

Sayari ya Mshtarii ikiwa juu jioni, egemezeni viwiko ukutani ili mikono isitetemeke, mkaitazame. Kando yake mtaona nukta ndogo, mbili, tatu au nne, zimelala kwenye mstari mmoja. Ni miezi yake, ileile Galileo aliyoiona Januari 1610. Kijana achore mahali kila nukta ilipo, aandike tarehe na saa, kisha kesho yake achore tena saa ileile. Asichore kwa kumbukumbu ndani ya nyumba. Achore palepale nje. Akifikisha kurasa za mwezi mzima apige picha anitumie, naye aniambie mwenyewe, kabla sijamwambia mimi, ni nukta ipi inazunguka haraka kuliko wenzake na amelijuaje hilo.

Wasalimie wote nyumbani. Marahaba yako naisubiri kwenye simu Jumapili.

Mpwa wako,
Bremen