Fedha Iende Chini ya Rangi

Kazi yangu yote imekuwa ya rangi. Nilianza katika gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam, nikishika msasa na ndoo ya maji, mpaka mafundi wakanikabidhi bunduki ya kupulizia. Nilipohamia Columbus, Ohio, nilipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikawekwa upande wa rangi, mbele ya ukuta mzima wa makopo ya kupuliza. Hapo ndipo nilipokutana na watu wa roketi.

Ni roketi za mfano: mwili wa bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mti wa balsa, injini ndogo ya baruti, na parachuti ya kuishusha salama. Mchezo huu Wamarekani wanao tangu miaka ya 1950. Injini za mwanzo zilibuniwa na Orville Carlisle, mwenye duka la viatu mjini Norfolk, Nebraska, pamoja na nduguye Robert. Mwaka 1957 G. Harry Stine akaanzisha chama cha taifa cha wapenzi wa roketi hizo. Baridi ikianza kulegea, walimu na wanafunzi walikuja dukani na fedha kidogo, wakitaka roketi ing'ae kama ile iliyo kwenye picha ya boksi.

Karibu wote walianzia kwenye kopo la kung'aa, lile la bei kubwa. Mimi niliwarudisha nyuma. Gerezani nilifundishwa kwamba rangi ya juu haifichi kitu, na kadiri inavyong'aa ndivyo inavyoanika ubaya ulio chini yake. Bomba la karatasi lina mfereji mwembamba unaolizunguka toka juu hadi chini, na balsa ina vinyweleo vinavyofyonza rangi mkono baada ya mkono. Puliza kopo la bei ghali juu ya hayo, utaona mfereji na nyuzi za mti vilevile, ila sasa vinametameta.

Kwa hiyo nilichukua puti ya mbao, ya kuchanganywa na maji, nikawaonyesha jinsi ya kuilegeza mpaka iwe kama uji wa mtoto. Inapakwa kwa brashi kwenye mfereji na kwenye mapezi, inaachwa ikauke, inapigwa msasa namba 220, kisha 400. Ukipitisha ukucha, usikwame popote. Halafu inafuata praima nzito ya kujaza, ile ya magari, na msasa tena mpaka karibu yote iondoke, ibaki kwenye mashimo tu. Fedha ya mwalimu iishie hapo. Rangi ya juu anaweza kuchukua kopo rahisi kuliko yote, na roketi itapendeza.

Kijana mmoja wa familia ya Wakongo aliniuliza, huku ameshika kopo hilo rahisi, “Papa, hii ya bei kidogo itashika?”

“Itashika, mwanangu, ukiiandalia pa kushika. Na praima chukua ya kampuni hiyohiyo.”

Hilo la pili nililisema kila siku. Watu huokoteza makopo ya punguzo, hili la laka, lile la enameli, kisha hushangaa rangi inapokunjamana. Thina ya laka ni kali. Ikikuta enameli ambayo haijakomaa huiyeyusha kutoka chini. Hata enameli juu ya enameli ina saa zake. Makopo mengi yameandikwa: rudia ndani ya saa moja, au subiri saa 48. Katikati ya hapo uso umekauka na tumbo bado bichi. Maandishi hayo ya nyuma ya kopo yamewaokolea watu fedha nyingi kuliko punguzo lolote, na inanisikitisha kwamba wachache huyasoma.

Kati ya kampuni zilizokuwa kwenye ukuta ule, historia ya Rust-Oleum ndiyo iliyonigusa. Ilianzishwa mwaka 1921 na Robert Fergusson, nahodha Mskoti aliyeona mafuta ya samaki yakizuia kutu kwenye sitaha ya chuma. Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi Bagamoyo, na mbao zake alizipaka sifa, mafuta ya ini la papa. Nahodha yule na mjomba wangu wangeelewana.

Ohio ina baridi kali na kiangazi chenye unyevu mwingi, na vyote viwili huharibu rangi. Unyevu huipausha, baridi huifanya itoke kwa matone. Siku ya baridi tuliliweka kopo kwenye maji ya vuguvugu, kamwe si karibu na moto, kisha tukapuliza kutoka sentimita 25 hivi, mikono myepesi, mkono ukianza kutembea kabla ya roketi na kuishia baada yake. Wepesi huo una sababu nyingine: rangi ina uzito. Katika mashindano ya wanafunzi ambako roketi hubeba yai bichi na kulirudisha zima, kikomo cha uzito kwa miaka mingi kilikuwa gramu 650. Rangi nene kwenye mapezi huvuta uzito mkiani, na roketi yenye mkia mzito huyumba.

Kuhusu rangi gani, nilitetea machungwa ya kuwaka, kwa sababu roketi nyingi hutua kwenye mashamba ya mahindi na soya, na nyeusi au kijani hupotea humo. Ila machungwa hayo yanataka mkono wa nyeupe chini, la sivyo hufifia. Pia hupauka juani. Mwalimu akibakiwa na chochote, nilimwongezea kopo la klia ya kuzuia jua, la kampuni ileile.