Kifurushi cha vinywaji melini: tupige hesabu kwanza

Wiki hii siandiki habari za bumu wala foleni ya kantini, hizo mmeshazichoka. Naandika kuhusu kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukipanda: meli ya utalii, zile hoteli zinazoelea. Na swali lenyewe ni moja tu. Ukisafiri na meli hizo, ununue kifurushi cha vinywaji au ulipie kila glasi unayokunywa?

Najua mtaniuliza, "Wewe na meli ya utalii wapi na wapi?" Haki yenu. Mama yangu mdogo anaishi Houston, Texas, huu mwaka wa kumi na nne. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu za usiku. Mwaka huu yeye na baba mdogo wanatimiza miaka 20 ya ndoa, wakaamua wapumzike wiki moja. Meli inaondoka Galveston, bandari ya jirani na Houston, inapita Roatán kule Honduras, Belize, na Cozumel ya Mexico, halafu inarudi. Nauli wameshalipa. Sasa kampuni imewaletea ofa ya kifurushi: dola 70 kwa siku kwa kila mtu. Mama mdogo akanitumia ujumbe: "Mwalimu, wewe ndo wa hesabu. Ninunue nisinunue? Ofa inaisha Ijumaa."

Mwalimu mwenyewe ndo huyu anayesubiri TP, lakini nikaitika.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yalivyo kule. Meli hizi ni kubwa jamani. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, ina nafasi ya abiria 7,600. MV Mwanza ya Ziwa Victoria, ambayo sisi tunaiona jitu, imejengwa kwa abiria 1,200. (Halafu hii itawafurahisha watu wa Kigoma: Icon ilijengwa Turku, Finland, kwenye karakana ya familia ya Meyer, na ni kina Meyer haohao wa Papenburg, Ujerumani, walioiunda MV Liemba mwaka 1913. Ikaletwa Dar vipandevipande kwenye masanduku, ikapanda reli mpaka Kigoma. Kwa hiyo msione haya, na sisi ni wateja wa siku nyingi.)

Ukishalipa nauli, chakula kwenye migahawa mikuu kimo. Maji ya kawaida yamo, chai imo, kahawa ya kawaida imo, juisi za asubuhi zimo. Ambavyo havimo ni soda, kahawa za mashine, na pombe ya aina yoyote. Humo melini hakuna kutoa noti mfukoni. Unapewa kadi, unaigusisha, deni linaandikwa, mwisho wa safari unaletewa bili. Hapo ndipo watu huzimia. Kifurushi kinakuja kama dawa ya kuzimia huko: lipa mapema, kunywa bila kuuliza bei.

Sasa masharti, maana utamu wa kifurushi chochote umo kwenye matangazo na uchungu umo kwenye masharti. Sisi tulionunua vifurushi vya simu tangu sekondari tunalijua hili.

Moja, bei inayotangazwa siyo unayolipa. Kuna asilimia 18 ya bakshishi juu yake. Dola 70 inakuwa 82.60.

Mbili, hununui kwa siku unazotaka. Ni safari nzima, siku saba zote, hata zile za bandarini ambapo utashinda nchi kavu, na ukishuka Cozumel kadi yako haimnunulii mtu hata maji.

Tatu, kina kikomo. Carnival kwa mfano wanaweka mwisho wa vinywaji 15 vya pombe kwa saa 24. Kumi na tano! Yaani mtu mmoja.

Nne, na hii ndiyo iliyoniweka macho usiku: mkiwa chumba kimoja, mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba hicho lazima wanunue. Carnival wanalo sharti hilo, Royal Caribbean wanalo, na kampuni ya kina mama mdogo wanalo. Sababu yao inaeleweka, bila hivyo mmoja angenunua na kuwanywesha wenzake wote kwa kadi moja. Ni kama bweni zima kutumia kifurushi cha mtu mmoja.

Tatizo ni kwamba baba mdogo hanywi. Siyo kwamba hapendi. Aliacha. Huu mwaka wa tatu hajagusa, na namna alivyoacha siyo hadithi ya kuchekesha. (Ameniruhusu niandike, amesema labda kuna kijana mmoja chuoni itamfaa.) Mama mdogo alipiga simu kuomba aachwe nje ya kifurushi. Jibu likawa hapana.

Haya, kalamu na karatasi. Kwa wawili: 82.60 mara siku 7 ni 578.20. Mara watu wawili ni dola 1,156.40. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni mbili na nusu. Ada yangu ya mwaka mzima inaingia humo na chenji inabaki, na ninaijua hiyo ada vizuri kwa sababu nusu yake hulipwa na huyuhuyu mama mdogo. Hilo nitalirudia.

Upande wa pili tunahitaji bei za rejareja. Alinitumia orodha ya baa ya meli yao: kokteli dola 13, glasi ya mvinyo 11, bia 8, kahawa ya mashine 5, soda 4. Nazo zinaongezwa asilimia 18. Hapa kuna kitu kizuri cha kimahesabu: asilimia 18 ipo pande zote mbili za mlinganyo, kwa hiyo inafutika. Swali linabaki jepesi: je, utakunywa vitu vya zaidi ya dola 70 kila siku?

Kwa mtu mmoja mnywaji, 70 gawanya kwa 13 ni tano na kitu. Maana yake kokteli sita kila siku ya Mungu, siku saba. Kwa bia ni tisa. Kuna watu hiyo kwao ni saa ya pili tu ya sherehe, tunawajua, na kwao kifurushi ni biashara nzuri (ini halikuulizwa). Lakini kwa chumba cha kina mama mdogo hesabu ni 140 kwa siku. Baba mdogo akinywa kahawa moja na soda mbili, hiyo ni 13. Zinabaki 127 za mama mdogo peke yake. Gawanya kwa 13: ni kokteli kumi kila siku, mpaka wiki iishe. Mama wa watu mwenye miaka 47, mshika zamu wa usiku, mwimbaji wa kwaya. Nilimwandikia hilo tu kwanza. Akajibu kwa vile vikatuni vya kucheka, kama ishirini hivi.

Nikamuuliza, ukweli wako unakunywaje? Akasema siku ya kushinda baharini labda kokteli mbili, mvinyo wakati wa chakula cha jioni, na kahawa nzuri asubuhi. Hiyo ni 42. Siku ya bandarini na siku ya kupanda, kokteli moja na mvinyo mmoja, yaani 24. Safari yao ina siku tatu za baharini, tatu za bandari na moja ya kupanda. Tatu mara 42 ni 126. Nne mara 24 ni 96. Jumla 222. Baba mdogo 13 mara 7 ni 91. Wote wawili 313, weka asilimia 18, dola 369.34.

1,156.40 toa 369.34 ni 787.06. Dola mia saba themanini na saba za kununua amani ya moyo.

Mwanahesabu yeyote hapo atakwambia, "Subiri, mtu akiwa likizo hunywa zaidi ya alivyopanga." Kweli. Basi nikazidisha mara mbili kila kitu. Ikaja 738.68. Bado kifurushi kinashindwa. Na hata kampuni ingemwacha baba mdogo nje, mama mdogo peke yake angelipa 578.20 kwa vinywaji vya 261.96. Kwa namba, kesi imefungwa.

Lakini namba siyo kesi yote, na ndiyo maana naandika. Mama mdogo aliniambia neno ambalo sikuwa na kanuni yake. Alisema: "Mwanangu, nimehesabu hela miaka kumi na minne. Ada zenu, kodi, dawa za bibi. Nataka wiki moja nisihesabu."

Utamjibu nini? Hasa wewe ambaye ada yako imo kwenye hiyo orodha? Nilikaa na simu mkononi nikaona jinsi ilivyo rahisi kumpigia mtu hesabu ya furaha yake wakati wewe ni mmoja wa wanaomfanya ahesabu. Na anachosema kina maana. Watu wengi hununua kifurushi siyo kwa sababu ni rahisi, bali kwa sababu kila glasi isiyo na bei ina ladha yake. Sisi wenyewe hatuchukui kifurushi cha mwezi kwa sababu ya hesabu, tunachukua ili tusisikie "salio lako halitoshi" katikati ya stori.

Tatizo ni kwamba kifurushi hakikuachi usihesabu. Kinageuza tu hesabu. Mwenye kifurushi cha dakika zinazoisha saa sita usiku si unamjua? Saa tano na nusu anapigia hata watu asiowapenda, ili zisiharibike. Hela imeshatoka, hairudi, unywe usinywe, lakini moyo haukubali. Melini ni hivyohivyo: umeshalipa 82 leo, umekunywa mbili, bado nne ili "nisipate hasara". Hapo hupumziki, unafanya kazi. Na kando yako amekaa mtu wa miaka mitatu bila pombe, ana kadi mfukoni ambayo imeshalipiwa glasi nyingi kila siku, na kila mhudumu wa baa anapita akitabasamu. Namba zangu zote ningeziweka pembeni, hiyo moja ingenitosha.

Kwa hiyo nilimpa pendekezo la tatu. Kadi ya meli unaweza kuiwekea hela kabla. Nikamwambia: mama, weka dola 400, halafu zisahau. Zihesabu kuwa zimeshakwenda, kama nauli. Kunywa unachotaka, usitazame bei. Zikibaki, unarudishiwa mwisho wa safari, na hicho kifurushi hakifanyi. Soma pia sheria za mizigo za kampuni yako: Carnival, kwa mfano, humruhusu kila abiria kupanda siku ya kwanza na makopo 12 ya soda, na mtu mzima na chupa moja ya mvinyo. Baba mdogo soda zake zikitoka nyumbani, bili inashuka tena.

Alisoma, akakaa kimya siku nzima. Alhamisi usiku akanipigia, na baba mdogo akiwa pembeni. Hawanunui. Wanaweka 400. Na katika zile zilizookolewa wamelipia ziara ya kuogelea juu ya matumbawe ya Roatán, kwenye ule mwamba wa pili kwa urefu duniani baada ya wa Australia. Wawili, mchana kweupe, bila glasi mkononi. Baba mdogo kazaliwa Tanga, anasema atawaonyesha wenyeji jinsi watu wa pwani wanavyozamia. Nikamwombea.

Zingine mama mdogo alitaka kunitumia. Nikakataa, nikamwambia hiyo ni hela ya likizo, ada ina zamu yake. Akaniambia nimeanza kuwa mtu mzima. Sijui kama ni kweli, maana mpaka sasa hivi nimebakiwa na buku mbili na wiki haijaisha.

Kwa wale wenzangu wa Ualimu: hii mada chukueni bure mwende nayo TP. Asilimia, milinganyo, wastani, vyote vimo. Badilisheni tu meli iwe kifurushi cha intaneti na kokteli iwe soda, wanafunzi wataelewa haraka kuliko mfano wa embe na machungwa. Kanuni ni ileile: usiulize kifurushi kinakupa nini, jiulize wewe kweli unatumia nini, halafu uliza nani mwingine analazimishwa kulipa nawe.

Haya, maoni yenu wadau. Mwenye ndugu aliyewahi kufanya kazi kwenye meli hizo na atupe habari za ndani. Mimi naingia maktaba, kuna test Jumatatu na desa nimelikuta limepungua kurasa tatu.