Usiku wa Mtoto wa Mbwa

Kijijini kwetu Butiama mbwa hakuandaliwa mahali pa kulala. Usiku alitakiwa awe mlangoni pa zizi, masikio juu, na kulipokucha ndipo alipojikunja kwenye majivu ya mekoni. Hata mtoto wa mbwa aliyeachishwa ziwa juzi alianza hivyo hivyo. Babu alimleta jioni akiwa ndani ya gunia, asije akaijua njia ya kurudi kwa mama yake, kisha akamfunga kamba ya katani kwenye nguzo ya kihenge. Mbwa alilia mpaka alfajiri. Sisi wajukuu tulipojaribu kufungua mlango babu alitukataza: "Mwacheni azoee." Baada ya siku chache kilio kilikoma, na wakubwa wakasema sasa amekuwa mbwa.

Upande wa Bunda mambo yalikuwa tofauti. Mjomba aliishi Hunyari, karibu na pori la akiba la Grumeti, ambako fisi hupita uani kama mwenyeji. Mtoto wa mbwa aliyefungwa nje pale hafiki asubuhi. Kwa hiyo mjomba alikuwa na utaratibu wake. Alimfunika kwa tenga lile lile la kufunikia vifaranga, ndani ya kibanda cha jikoni, hatua moja tu kutoka kwenye mafiga yaliyobaki na joto. Juu ya tenga aliweka jiwe la kusagia lililokwisha kuvunjika. Chini alitandika kipande cha gunia, na kipande hicho alikuwa amekisugua kwanza ubavuni kwa mama wa yule mbwa. Nilikaa jioni nyingi za likizo kwenye kibanda hicho, nikawa naiona pua ndogo nyeusi ikitokeza kati ya fito, ikinusa, ikirudi ndani. Mbwa wa mjomba walilia kidogo, wakanyamaza. Harufu ya mama, giza, joto, na nafasi ndogo inayomgusa mgongo: mjomba hakuwahi kusoma popote kwamba ndivyo vinavyomtuliza mtoto wa mbwa, lakini alikuwa amewatazama maisha yake yote.

Hata hivyo, mjomba huyo huyo asingekubali mbwa avuke kizingiti cha nyumba wanamolala watu. Hakuna aliyekubali, na sababu haikuwa ukatili. Tulikiogopa kichaa cha mbwa. Kila ukoo ulikuwa na habari ya mtu aliyeng'atwa, akapona kidonda, kisha baada ya wiki au miezi akaanza kuyaogopa maji. Akishafika hapo, dawa hakuna. Nani angemlaza mnyama wa namna hiyo miguuni pa watoto wake?

Nikitafuta lini mambo yalianza kugeuka, narudi kwenye simba. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaowashika mbwa, ambao Waingereza huuita distemper, uliingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa hifadhi. Macho ya watafiti yakageukia mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, yaani mbwa wetu, ambao ndio hao hao waliotuletea kichaa. Kuanzia 1996 kampeni za kuwachanja mbwa dhidi ya kichaa zilifanyika katika Wilaya ya Serengeti, hapa hapa mkoani Mara. Mtafiti Sarah Cleaveland na wenzake waliandika matokeo ya kampeni hizo mwaka 2003: visa vya kichaa kwa mbwa vilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa walipungua pia, wakati wilaya jirani ambako mbwa hawakuchanjwa hazikuona nafuu hiyo. Takwimu hizi nazipenda kuliko nyingi nilizowahi kusoma, kwa sababu nilikulia kwenye hofu ambayo ziliipunguza.

Chanjo ilipofika vijijini kwa wajomba, siku ya kuchanja ilikuwa kama mnada. Watoto walitangulia wakivuta mbwa kwa kamba, kwa mnyororo wa baiskeli, kwa kitenge kilichochanika. Mbwa waliotoka kaya tofauti walitaka kupigana, wenyewe wakawashika midomo. Ukichanjiwa mbwa, unapewa kadi. Mjomba aliichomeka kadi yake kwenye bati la dari, pamoja na kadi za kliniki za wajukuu.

Nilipohamia Musoma nilikuta desturi nyingine tena. Nyumba nyingi za Nyakato na Bweri zina banda la mbao na bati kwenye kona ya ua. Mbwa hufungiwa humo mchana kutwa, akafunguliwa usiku alinde. Banda lenyewe huchomwa na jua la ziwani mpaka halishikiki. Mtoto wa mbwa akiwekwa humo huijua dunia kupitia upenyo wa mbao tu, na akikua huwa mkali kwa kila mtu, mwenye nyumba akiwemo.

Kwa hiyo binti yetu alipoletewa mtoto wa mbwa, Bobi, nilitaka aanze vingine. Daktari wa mifugo alimchanja. Fundi seremala alitutengenezea kasha la mbao lenye wavu pande tatu, la kumwezesha mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kasha likizidi ukubwa, mbwa hulala upande mmoja na kujisaidia upande wa pili. Likimtosha kiasi, hujizuia, kwa kuwa hapendi kuchafua anapolala. Mchana tuliliacha wazi, tukawa tunamwekea humo ugali na dagaa, mpaka akawa anaingia mwenyewe. Usiku tuliliweka kando ya kitanda. Mke wangu aliuliza, "Baba Neema, kweli mbwa alale na watu?" Nikamwonyesha kadi ya chanjo.

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kushikilia mkojo usiku kucha. Saa mbili au tatu ni nyingi kwake. Nilijifunza kutofautisha vilio. Kilio cha upweke huanza mara taa inapozimwa, hupanda, hushuka. Kwa hicho niliingiza vidole kwenye wavu, akanusa, akalala. Kile cha haja huja ghafla katikati ya usiku, pamoja na kukwaruza mbao. Kwa hicho nilimbeba hadi uani, bila mchezo, bila maneno, akimaliza tunarudi. Chakula alipewa mapema, na maji yaliondolewa saa moja kabla ya kulala. Kidogo kidogo kasha lilisogea: mlangoni, ukumbini, mwisho barazani.

Mama alipotutembelea kutoka Butiama alilizunguka kasha, akainama, akatazama ndani. "Mwanangu," akasema, "hili si ndilo tenga la mjomba wako?" Ndilo. Kilichokosekana kule Hunyari kilikuwa sindano ya kumruhusu mbwa aingie ndani, na ilipopatikana, tenga likaingia naye.

Sasa Bobi ni mkubwa na kasha halimtoshi. Analala barazani, anabweka inapobidi, na wageni wa nyumbani anawajua. Jirani yangu amenunua mtoto wa mbwa Bunda, ameniomba kasha. Nimemwambia alichukue Jumamosi, akishatoka kuchanja.